Kiwambo: Mzinga Umekwenda, Ngozi Imebaki

Tabora ni mji wa shule, na katika mji wa shule neno "monita" lina mwenyewe. Ni yule mwanafunzi anayeandika majina ya wapiga kelele, anayefuata chaki ofisini, anayejibu mwalimu anapouliza nani hayupo leo. Siku ya kwanza niliyowaambia wanafunzi wangu wa kompyuta wafute vumbi kwenye monita, darasa zima liligeuka kumtazama msichana aliyekaa mbele.

Maneno hayo mawili ni ndugu wa tumbo moja. Yote yametoka katika kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuonya na kukumbusha. Monita wa darasa huwaonya wenzake. Monita ya kwanza ya studio iliwekwa ili fundi aitazame picha na kujua mapema kama kuna kasoro. Hata kenge, kwa Kiingereza, amepewa jina hilohilo. Sisi sarufi yetu hututenganishia bila taabu: monita amesimama, monita imezima. Kwa hiyo sina ugomvi na neno hili. Lugha iliyopokea sabuni, bunduki na meza haivunjiki mgongo kwa kupokea monita.

Mtaani kuna mengine. Skrini husemwa ofisini. Kioo ni neno la mafundi wa simu, nao wamelihamishia kwenye kompyuta: kioo kimepasuka, kioo kina mstari, kioo hakitoi picha. Na zile za zamani, nzito, zenye kisogo kilichotokeza nyuma, Watanzania tumeziita chogo, jina ambalo kwangu ni miongoni mwa majina bora ya vifaa tuliyowahi kubuni, maana anayelisikia anaiona.

Lakini neno ninalotaka kulitetea hapa ni kiwambo. Wasomi wa istilahi hulitumia, vitabu vingine vya kompyuta hulitumia, na watu wengi hulipita wakidhani limetengenezwa mezani na kamati. Sivyo. Kitenzi chake ni kuwamba, na kila aliyekulia kijijini amekiona kwa macho: kuwamba ngozi juani kwa vigingi, kuwamba kitanda kwa kamba, kuwamba ngoma. Kinachowambwa kikakaza juu ya kitu ndicho kiwambo. Wasomaji wa riwaya za upelelezi walikutana nacho zamani kwenye bastola yenye kiwambo cha kuzuia sauti, ingawa hapo maana imekwenda mbali kidogo na ngozi.

Ngoma ina sehemu mbili kubwa. Upo mzinga, yaani lile gogo lililochimbwa ndani (neno ambalo hapa Unyamwezi, nchi ya asali, kwanza humletea mtu nyuki akilini). Kisha kipo kiwambo, ngozi iliyowambwa mdomoni. Sasa itazame ile monita ya chogo. Ilijengwa juu ya kifaa alichokibuni Mjerumani Ferdinand Braun mwaka 1897: chupa kubwa ya kioo iliyoondolewa hewa, ambamo elektroni hurushwa kutoka shingoni hadi kugonga uso wa mbele uliopakwa kemikali inayong'aa. Ili mwale huo ufagie uso wote, ulihitaji kina. Ndiyo maana ya chogo. Chupa hiyo ilikuwa mzinga, na uso wake ulikuwa kiwambo.

Monita bapa za leo zimeutupa mzinga. Kilichobaki ni tabaka juu ya tabaka, zimebanwa katika fremu: taa nyuma, karatasi za kusambaza mwanga, kichujio, kioo chembamba, fuwele kioevu, kioo tena, kichujio tena. Fuwele kioevu ni vitu vya ajabu vinavyotiririka kama maji huku vikijipanga kama fuwele. Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea wa Austria, alivigundua mwaka 1888. Umeme ukivigusa hubadili mpangilio wake, na mwanga unaotoka nyuma hupita au huzuiwa. Monita ya kawaida yenye nukta 1920 kwa 1080 ina nukta 2,073,600, na kila nukta ina vijisehemu vitatu: chekundu, kijani na buluu. Hayo yote yamo katika unene wa milimita chache. Ndiyo maana nasema jina kiwambo linafaa zaidi leo kuliko siku za chogo. Wakati ule kilikuwa sehemu ya kifaa. Leo karibu kifaa chote ni kiwambo.

Na neno hili si geni kwenye njia ya misafara kutoka pwani. Misafara ya karne ya 19 ilipotoka Bagamoyo kuja Kazeh, kama Tabora ilivyojulikana, mbele alitembea kiongozi, na ngoma ililia njiani. Wasafiri Waingereza Burton na Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 wakafika Kazeh tarehe 7 Novemba. Miezi zaidi ya minne kwa miguu, juu ya mabega ya wapagazi, na wengi wa wapagazi wa njia hii walikuwa Wanyamwezi. Nguo za merikani na kaniki, shanga za kioo, nyaya za shaba vilikuja bara. Pembe za ndovu na watu waliotiwa utumwani walikwenda pwani, na jambo hilo halipaswi kusahaulika kila tunapoisifu njia hiyo kwa kuleta Kiswahili. Huku bara ngoma zilikuwepo tayari, na ngoma ilikuwa moja ya alama za utemi. Hivyo neno la pwani lilikikuta kitu chenyewe kikiwa kimewambwa.

Jina likishaeleweka, utunzaji hauhitaji kukaririwa. Mwenye ngoma hakalii ngozi, haibonyezi kwa kidole kuona kama ni imara. Kiwambo cha kompyuta vilevile: ukikibonyeza utaona mawimbi ya rangi yakienea, na hizo ni fuwele zinazosukumwa kutoka mahali pake. Ukikibeba, shika fremu pembeni, kisimame wima, wala usikilaze kifudifudi. Tofauti kubwa ni moja. Ngozi ikilegea kwa unyevu, mpiga ngoma huisogeza motoni ikakaza. Hiki hakitaki maji wala moto.

Kwetu adui wa kwanza ni vumbi. Tangu Juni hadi Oktoba hujaza vyumba hata madirisha yakifungwa, na ndani yake mna chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko utando wa plastiki ulio usoni mwa monita. Anayefuta kwa nguvu kwa karatasi ya chooni anapiga msasa. Zima kwanza, ngoja ipoe, pangusa taratibu kwa kitambaa laini kama cha miwani. Doa likikataa, lowesha kitambaa kidogo kwa maji safi. Usinyunyizie kiwambo chenyewe, maana tone huteremka hadi ukingo wa chini ambako saketi zimejificha. Spiriti na dawa za kusafishia madirisha huweza kuula ule utando. Na vile vitambaa vya kufuma tunavyofunika juu ya vifaa vya thamani ni vizuri mno, ila viondolewe kabla ya kuwasha, kwa sababu matundu ya nyuma ndiyo pua ya kifaa.

Masika yakija, radi nazo huja. Stabilaiza husaidia umeme unapopanda na kushuka, lakini haizuii radi. Chomoa waya ukutani, na ule wa mtandao pia.

Kuhusu kuiweka mezani, nimeona watu wakigeuza chumba kizima ili skrini itazame mlangoni, halafu wanakunja macho mchana kutwa. Dirisha liwe ubavuni, si mbele wala nyuma yako. Kaa umbali wa mkono ulionyooshwa, takriban sentimita 50 hadi 70. Ukingo wa juu uwe sawa na macho au chini yake kidogo. Kama ni fupi, kipande cha ubao wa mninga kitaiinua vizuri kuliko rundo la vitabu linaloteleza. Kisha ingia kwenye mipangilio ya kompyuta uhakikishe idadi ya nukta ni ileile iliyotengenezewa monita yako, la sivyo herufi zitakuwa na ukungu na utadhani macho ndiyo yamechoka. Yakichoka kweli, yapeleke kwenye mwembe ulio nje kwa muda kidogo.

Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake, na mimi nimevuta kwangu. Hata hivyo sitaki kuyaua maneno mengine. Kifaa kizima, pamoja na kiguu chake na nyaya zake, kiitwe monita. Ule uso unaotoa picha uitwe kiwambo. Kioo kibaki kuwa kioo, kwa kuwa ndani ya kiwambo vioo vimo, na fundi anayesema kioo kimepasuka anasema kweli. Darasani ndivyo ninavyofundisha sasa.

Juzi picha kwenye mashine ya dirishani ilianza kucheza na kupata rangi ya manjano. Kijana mmoja wa kidato cha pili aliinama nyuma ya meza, akapapasa waya, akainua kichwa. "Mwalimu, kiwambo ni kizima," alisema. "Kamba ndiyo imelegea." Akakaza skrubu mbili za plagi kwa vidole, na weupe ukarudi.