Kidonge Hakiondoi, Kinatuliza

Kwenye bahasha ya dawa iliyotoka duka moja hapa Babati mjini, chini ya "Diazepam 5 mg, 1x1 usiku", mkono wa haraka umeongeza: "ya usingizi". Huyo nimemsamehe, ana foleni dirishani. Ambao sijawasamehe ni wanakamati wa istilahi waliolipwa posho ya kikao wakatuzalia jina "kiondoa wasiwasi".

"Ya usingizi" inaangushwa na degedege peke yake. Mtoto anayetetemeka viungo hupewa diazepam hiyohiyo ili mtukutiko ukome, si ili alale. Na mgonjwa wa wahaka anayelala vizuri, akisoma bahasha ile, atauliza kwa haki kabisa: yangu ya nini?

Lakini "kiondoa wasiwasi" ni kosa la wasomi, kwa hiyo ni zito zaidi. Wasiwasi umetoka kwenye Kiarabu, waswasa, kunong'ona. Ndiyo minong'ono ya shetani inayotajwa katika Sura An-Nas, ya mwisho katika Kurani. Kiswahili kikaupokea na kuutanua: mhasibu ana wasiwasi na hesabu, mama mkwe ana wasiwasi na posa, na wahenga wakasema wasiwasi ndiyo akili. Kiondoa wasiwasi kitamwachia nini mgonjwa?

Nilipendekeza kwa barua, na bado napendekeza, "kituliza wahaka". Wahaka ni moyo kwenda mbio na viganja kulowa jasho pasipo nyoka wala simba. Ama tuliza, mzizi wake ni tua. Mbeba mzigo hutua, ndege hutua, jua hutua. Ile l iliyodondoka zamani hurudi kitenzi kinaponyambuliwa: tua, tulia, kama chukua, chukulia. Kisha huja tuliza, kukifanya kitu kitue. Hata Wazungu, ambao kamati ilidhani inawafuata, hawakusema kuondoa: istilahi yao, anxiolytic, imeunga Kilatini cha kubana na Kigiriki cha kulegeza. Kamati haikufungua kamusi ya Kigiriki. Barua yangu nayo, nadhani, haikufunguliwa.

Dawa yenyewe iko upande wangu. Diazepam, iliyotokana na kazi ya mkemia Leo Sternbach na kuingia sokoni mwaka 1963 kwa jina la Valium, huipa nguvu GABA, kemikali ya ubongo inayopunguza kasi ya neva. Deni, msiba au ndoa iliyoleta wahaka haiguswi. Kilichoondolewa hapo ni kipi?

Mpinzani wangu mmoja, ambaye kamusi yake naiheshimu kwa unene wa jalada, anadai wahaka ni neno la pwani. Sokoni Babati, Mgorowa, Mwiraqw, Mrangi na Mmbugwe wanapokutana katika Kiswahili, halitaeleweka. Mbona ukimwi, neno lililofinyangwa kutokana na upungufu wa kinga mwilini, lilifika vijijini bila nauli? Neno huzoeleka kwa kutumiwa, na bahasha ya dawa ni mahali pazuri pa kuanzia.

Matumizi: kimezwe kama daktari alivyoandika, kisichanganywe na pombe, kisigawiwe jirani, na aliyekitumia kwa wiki kadhaa asikiache ghafla bila kumwona daktari, maana mwili hukizoea.

Na kwa walioniuliza wingi wake: vituliza wahaka. Ngeli ya ki-vi, haihitaji kikao.