Mlinganyo unaosomeka mbele na nyuma: kutoka De Moivre hadi SMS ya M-Pesa Majoreni

Leo naweka kando mambo ya seva na hifadhidata, tuguse hesabu kidogo, tena hesabu ya zamani. Usikimbie! Kama uliwahi kukokotoa mlinganyo wa daraja la pili sekondari, utafika mwisho bila jasho.

Tazama huu:

6x^4 - 35x^3 + 62x^2 - 35x + 6 = 0

Soma namba zake peke yake kutoka kushoto: 6, -35, 62, -35, 6. Sasa zisome kutoka kulia. Ni zile zile, kama neno "ini" au "ama". Mlinganyo wa namna hii una tabia moja ya ajabu. Ukiweka 1/x mahali pa x, kisha ukazidisha kote kwa x^4, unarudi pale pale ulipoanzia. Maana yake, 2 ikiwa ni jawabu, basi 1/2 nayo ni jawabu. Mizizi yake huja miwili miwili, kila mmoja na kinyume chake.

Hapo ndipo penye utamu. Gawanya mlinganyo wote kwa x^2, halafu ita x + 1/x kwa jina jipya, y. Kwa kuwa x^2 + 1/x^2 ni sawa na y^2 - 2, unabaki na hii:

6y^2 - 35y + 50 = 0

Daraja la nne limekuwa la pili. Thamani za y ni 5/2 na 10/3, na kutoka hapo unapata x: 2 na 1/2, 3 na 1/3. Daraja la nane lingeshuka hadi la nne, la kumi hadi la tano. (Daraja likiwa witiri, kwa mfano la saba, -1 huwa ni jawabu siku zote. Iondoe kwanza, halafu endelea.)

Nani aliona jambo hili? Wanahistoria wa hesabu humtaja Abraham de Moivre, Mfaransa wa madhehebu ya Kiprotestanti aliyekimbia mateso ya dini kwao akaishi London, akijipatia riziki kwa kufundisha hesabu nyumba kwa nyumba. Kitabu chake, Miscellanea Analytica, kilitoka mwaka 1730. Leonhard Euler akaifuata njia hiyo hiyo katika makala iliyochapishwa St Petersburg mwaka 1738. Kumbuka hali ya wakati ule. Kanuni ya daraja la nne ilikuwa imejulikana tangu 1545, Cardano alipochapisha kazi ya mwanafunzi wake Ferrari. Daraja la tano lilikuwa limewashinda wote, na Abel alikuja kuthibitisha mwaka 1824 kwamba kanuni ya jumla ya aina ile haipo. Kwa hiyo njia yoyote ya kushusha daraja ilikuwa mali.

Mwaka 1796 Carl Friedrich Gauss, kijana wa miaka 18, alionyesha kwamba umbo la pande 17 zilizo sawa linaweza kuchorwa kwa rula na bikari tu. Mlinganyo wake ni x^16 + x^15 + ... + x + 1 = 0. Namba zake zote ni 1, kwa hiyo unasomeka mbele na nyuma. Gauss alifanya zaidi ya kuukata katikati mara moja. Aliigawa mizizi yake 16 kwenye makundi, akakata tena na tena hadi zikabaki hesabu za daraja la pili tu. Mbinu hiyo ya kuigawa mizizi kwenye makundi ishike, tutaihitaji.

Sasa tuje huku kwetu. Majoreni ni kijiji cha pwani, kaunti ya Kwale, kati ya Shimoni na Vanga, penye mikoko na wavuvi. Mama mmoja muuza samaki aliniuliza: "Mwanangu, huyu mtu ametuma pesa kutoka Mombasa. Zikipotelea hapo angani je?" Nilimjibu, "Mama, pesa hazipiti angani, zinapita habari tu." Akacheka, akasema habari nazo hupotoshwa. Hapo alikuwa na haki kabisa!

M-Pesa ilizinduliwa na Safaricom tarehe 6 Machi 2007, na tangu mwanzo mtu huarifiwa kwa SMS. Kwenye mtandao wa GSM, yaani 2G, kila herufi ya SMS huandikwa kwa biti 7. Tarakimu 1 ni 0110001. Tarakimu 5 ni 0110101. Zihesabu mwenyewe: zimetofautiana biti moja. Kelele ya redio ikigeuza biti hiyo moja, na pasiwe na ulinzi wowote, shilingi 1,000 zinasomeka 5,000 kwenye simu ya mama. Atatoa samaki wa elfu tano.

Ulinzi upo. Kanuni za GSM, mtandao ambao simu yake ya kwanza ya kibiashara ilipigwa Finland tarehe 1 Julai 1991, zinaagiza kwamba kwenye njia zinazobeba SMS, kila fungu la biti 184 liongezewe biti 40 za ukaguzi. Biti hizo ni baki la kugawanya kwa polinomia hii:

(D^23 + 1)(D^17 + D^3 + 1)

Huu unaitwa msimbo wa Fire. Haina uhusiano na moto, ni jina la Philip Fire aliyeubuni mwaka 1959. Fire alikuwa na shabaha maalumu, yaani makosa yanayokuja kwa mkupuo, biti kadhaa zikiharibika zikifuatana. Msimbo huu wa GSM unaweza kusahihisha mkupuo mmoja wa hadi biti 12. Baada ya hapo biti 224 huongezewa sifuri 4, msimbo mwingine unazifanya 456, nazo husambazwa kwenye mirusho minne ya redio. Simu ikiona baki halikubaliani na haliwezi kurekebishwa, hulitupa fungu zima, nalo hutumwa upya.

Sasa angalia ile D^23 + 1. Iandike kwa namba: 1, halafu sifuri 22, halafu 1. Inasomeka mbele na nyuma! Tofauti na De Moivre ni kwamba hapa tunahesabu kwa biti, ambako 1 + 1 = 0 (waandishi wa programu, ni XOR tu). Aliyefungua mlango wa kuhesabu katika ulimwengu wa namba chache zenye mwisho ni Évariste Galois, katika makala yake ya mwaka 1830, alipokuwa na miaka 18 tu.

Mizizi ya D^23 + 1 haipo kwenye 0 na 1 peke yake. Inabidi upanuke hadi ulimwengu wa vitu 2,048, yaani 2^11, kwa sababu 2,047 ni 23 x 89. Humo unaipata mizizi yote 23. Mmoja ni 1. Iliyobaki 22 inajigawa yenyewe makundi mawili ya 11. Ukichukua mzizi wowote na kuupiga kipeo cha pili, tena cha pili, unazunguka ndani ya kundi lake bila kutoka. Lakini kinyume chake? Kinyume cha kila mzizi kiko kundi la pili, bila kukosa hata mmoja. Ni ile 2 na 1/2 ya mwanzo, safari hii pacha wametenganishwa nyumba mbili.

Kila kundi lina polinomia yake ya daraja la 11:

110001110101
101011100011

Hakuna kati yao inayosomeka sawa pande zote. Lakini isome ya kwanza kutoka kulia: umepata ya pili. Na hizi si namba za kubahatisha. Yoyote kati ya hizo mbili inazalisha msimbo wa Golay, aliouchapisha Mswisi Marcel Golay mwaka 1949 katika makala fupi mno. Biti 12 za habari, 11 za ukaguzi, unasahihisha makosa matatu popote yalipo. Toleo lake la biti 24 ndilo lililolinda picha za rangi ambazo Voyager ilituma kutoka Jupiter mwaka 1979. Ukitumia ya kwanza au ya pili, nguvu ni ile ile, kwa sababu kuugeuza ujumbe wote kinyumenyume hakuongezi wala hakupunguzi idadi ya makosa yaliyomo.

Kwa haki, niseme kwamba sehemu ya pili ya msimbo wa GSM, D^17 + D^3 + 1, haisomeki mbele na nyuma. Pacha wake ni D^17 + D^14 + 1. Kwa hiyo msimbo wote kwa jumla si wa kusomeka pande mbili. Misimbo ambayo kizalishi chake kinasomeka sawa pande zote ipo, na James Massey aliiandikia makala mwaka 1964. Faida yake ni kwamba ujumbe ulioingia ukianzia mkiani unakaguliwa kwa mashine ile ile.

Kama una mkono mwepesi wa kuandika programu, zidisha 110001110101 kwa 101011100011 kwa kutumia XOR badala ya kujumlisha, kisha zidisha jibu kwa 11. Mistari kumi inatosha. Ikikutolea kitu kingine mbali na 1, sifuri 22, na 1, tafuta kosa kwenye programu yako.