Umri wa Gedi hausomwi kwenye kaburi moja

Ukizuru magofu ya Gedi, karibu na Watamu, utaonyeshwa kaburi lililoandikwa mwaka 802 Hijria, yaani 1399 Miladia. Wengi hutoka wakidhani mji ulianza hapo. Sivyo. Kaburi latwambia marehemu alifariki lini, si mji ulijengwa lini.

James Kirkman, aliyeanza kuchimba mwaka 1948, alifuata vigae vya vyombo vya Uchina na vya nchi za Kiislamu, ambavyo nyakati za kutengenezwa kwake zajulikana. Kigae kikifukuliwa chini ya sakafu isiyovunjwa, sakafu hiyo haiwezi kuwa kongwe kuliko chombo chenyewe. Kuta nazo zina umri mbalimbali: wa nje ni wa karne ya 15, wa ndani ni wa karne ya 16.

Kirkman aliuweka mwanzo wa mji karibu na karne ya 13. Uchimbaji wa baadaye umeurudisha nyuma hadi karne ya 11 au 12. Na hayo ni mawe tu! Wakazi wengi waliishi nyumba za udongo na makuti, nazo, kwa maoni yangu, ndizo zingepaswa kuchimbwa kwanza.