Serikali Haina Dini, Watu Wake Wana Dini

Katika mazungumzo haya twataka kueleza habari ya neno moja ambalo kila mtu amelisikia, lakini si kila mtu amepata kulifikiri sawasawa. Neno lenyewe ni hili: Serikali haina dini, bali watu wake wana dini. Viongozi wetu wamelisema mara nyingi tangu uhuru, na watoto wa shule hulijua kwa moyo. Lakini ukiwauliza watu maana yake, mmoja atakuambia kwamba Serikali haimwamini Mungu. Wa pili atakuambia kwamba ni hila ya kuinyima dini yake haki. Na wa tatu atanyamaza. Basi ni vema tutazame neno hili lilitoka wapi, liliingiaje katika nchi yetu, na latudai nini. Mfano wetu utakuwa mji wa Dar es Salaam, na hasa Kariakoo, maana huko jambo hili lilijaribiwa mitaani baina ya majirani kabla halijaandikwa katika sheria.

Tuanze mbali kidogo. Katika nchi nyingi za zamani ufalme na dini vilikuwa kitu kimoja. Huko Uingereza mfalme alijifanya mkuu wa Kanisa la nchi katika karne ya 16, na cheo hicho anacho mpaka leo. Watu walioabudu kwa njia nyingine waliteswa, na baadhi yao wakavuka bahari kwenda Marekani. Ajabu ni kwamba walipofika huko wengine wao waliwatesa wenzao waliokuja na imani tofauti na yao. Hivyo watu wakajifunza kwamba aliyeonewa jana aweza kuonea leo, akipewa nguvu ya Serikali.

Mwaka wa 1786 jimbo la Virginia lilipitisha sheria ya uhuru wa dini iliyoandikwa na Thomas Jefferson. Mwaka wa 1791 Katiba ya Marekani ikaongezewa agizo kwamba Bunge la nchi lisitunge sheria ya kuweka dini ya taifa, wala ya kumzuia mtu kufuata dini yake. Mwaka wa 1802 Jefferson, naye wakati huo ni Rais, aliwaandikia barua Wabaptisti wa mji wa Danbury, akalifananisha agizo hilo na ukuta uliosimama kati ya Kanisa na Serikali. Tazameni jambo hili: barua ile waliandikiwa watu wa dini. Wabaptisti wale walikuwa wakilalamika kwa kuwa katika jimbo lao la Connecticut Kanisa jingine lilipendelewa na Serikali. Ukuta uliwafaa wao kwanza. Wala haukujengwa kwa siku moja, maana jimbo la Massachusetts liliendelea kuwatoza watu kodi ya Kanisa mpaka mwaka wa 1833.

Sasa turudi pwani yetu. Sultani Majid bin Said wa Unguja alipoanza kuujenga mji wa Dar es Salaam katika miaka ya 1860, utawala na dini vilikaa pamoja. Mtawala alikuwa Mwislamu, na makadhi walihukumu kwa sheria ya Kiislamu. Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, waliufanya mji huu makao makuu ya utawala wao mwaka wa 1891. Karibu na bandari yakajengwa makanisa makubwa mawili, la Kilutheri na la Kikatoliki, ambayo yangali yasimama. Lakini Wadachi hao hao waliwatumia maliwali na maakida ambao wengi wao walikuwa Waislamu wa pwani, kwa sababu walijua kusoma na kuandika. Tena shule ya Serikali iliyofunguliwa Tanga katika miaka ya 1890 haikufundisha dini, ili wazazi Waislamu wasiogope kuwapeleka watoto wao, na wamisionari wengi hawakupendezwa. Kwa hiyo kutenga dini na Serikali kulionekana mapema katika nchi yetu, lakini hakukuwa haki ya raia. Serikali ilihitaji makarani, na njia hiyo iliwapatia makarani.

Baada ya vita vya mwaka wa 1914 hadi 1918, Waingereza walipewa nchi hii waitawale kwa amana ya Chama cha Mataifa kilichokuwa Geneva. Hati ya amana hiyo, ya mwaka wa 1922, iliwataka waache kila mtu awe huru katika dhamiri yake na katika ibada yake. Hilo lilikuwa jema. Lakini katika shule mambo yalikwenda njia nyingine. Tangu miaka ya 1920 Serikali ilizipa fedha za msaada shule za misheni zilizotimiza masharti yake, na kwa kuwa shule za Serikali zilikuwa chache, mtoto aliyetaka kusoma sana mara nyingi njia yake ilipita mlangoni mwa Kanisa. Wazazi wengi Waislamu waliogopa watoto wao watabatizwa, wakawazuia. Waislamu wa Dar es Salaam hawakukaa bure. Mwaka wa 1933 walianzisha chama cha Al-Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika, na chama hicho kikawa na shule yake mjini. Hata hivyo uzani haukuwa sawa. Sisi tuliolelewa na shule za misheni hatuna budi kulisema jambo hili waziwazi, maana tulikula matunda yake.

Tuingie Kariakoo. Jina hili latokana na Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika vita vile, waliopiga kambi mahali hapo. Baada ya vita mitaa ilipimwa kwa mistari iliyonyoka, na Waafrika wakajenga humo. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi kati yao na mitaa ya maduka ya Wahindi. Walikuja Wazaramo, Wamanyema, Wanyamwezi na watu wa makabila mengine mengi. Wengi walikuwa Waislamu, na Wakristo walikuwa miongoni mwao.

Nyumba ya Kiswahili ya mitaa ile ilikuwa na vyumba sita, vitatu kila upande, na ukumbi katikati, na ua nyuma. Ukumbi ni wa wote. Ua ni wa wote. Humo hupikwa, hufuliwa, na maji huchotwa kwa zamu. Lakini kila chumba kina mlango wake, na aliyemo chumbani husali apendavyo. Mwenye nyumba akiwa mwadilifu humdai kila mpangaji kodi yake, wala hampunguzii mmoja kwa kuwa wanasali pamoja. Wamarekani walitoa mfano wa ukuta. Sisi twaona mfano wa nyumba hii wafaa zaidi katika nchi yetu, kwa sababu watu wetu hawakutengwa na ukuta. Walikaa chini ya paa moja.

Katika mitaa hiyo, tarehe 7 Julai 1954, chama cha TANU kilianzishwa, katika nyumba iliyokuwa New Street, ambao sasa ni Mtaa wa Lumumba. Rais wa chama alikuwa Julius Nyerere, Mkatoliki, mwalimu wa shule ya misheni ya Pugu. Mjini walimpokea na kumsaidia Waislamu kama Abdulwahid Sykes na nduguye Ally, na Dossa Aziz, na Bibi Titi Mohamed aliyewaongoza akina mama. Pamoja nao alikuwamo Mkristo John Rupia. Waislamu wa Dar es Salaam wangaliweza kusema, Sisi ndio wengi, hatuongozwi na Mkristo. Hawakusema hivyo. Kwa maoni yetu hilo ndilo tendo la kwanza kubwa la kutenga dini na siasa katika nchi hii, nalo lilitendwa na watu ambao wengi wao hawakukanyaga shule ya sekondari.

Lakini historia haitaki tuifunike. Kulikuwa na wasiwasi. Mwaka wa 1958 Sheikh Suleiman Takadir, mwenyekiti wa Baraza la Wazee wa TANU, alitolewa katika chama baada ya kueleza hofu yake juu ya hali ya Waislamu baada ya uhuru. Mwaka wa 1959 chama kingine, AMNUT, kilitaka uhuru ucheleweshwe mpaka Waislamu wapate elimu ya kutosha. Waislamu wengi wa TANU walikataa, na uhuru ukapatikana tarehe 9 Desemba 1961. Hata hivyo, swali la elimu lilibaki.

Serikali huru ilijaribu kulijibu. Kwa sheria ya elimu ya mwaka wa 1969, shule za misheni zilizokuwa zikipata msaada wa Serikali zilitwaliwa, ili watoto wote waingie bila kuulizwa dini. Makanisa yalipoteza shule yalizozijenga kwa jasho, na wengi waliumia moyoni. Tena katika hesabu ya watu ya mwaka wa 1967 watu waliulizwa dini yao. Katika hesabu zilizofuata, ya 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022, hawakuulizwa. Wengine husifu jambo hilo, kwamba lazuia mashindano ya wingi. Wengine husema kwamba asiyehesabiwa hawezi kuonyesha alivyopunjwa, na katika mwaka wa 2012 baadhi ya Waislamu walidai swali hilo lirudishwe.

Kadhalika kuna nyakati ambazo Serikali yenyewe iliuvuka mpaka. Mwaka wa 1968 iliipiga marufuku jumuiya ya Waislamu iliyoitwa East African Muslim Welfare Society, na mwezi wa Desemba mwaka huo huo Baraza Kuu la Waislamu, yaani BAKWATA, likaanzishwa kwa kibali chake. Waislamu wengi waliona kwamba mkono wa Serikali umeingia msikitini. Tunaposema Serikali haina dini, maana yake ni mbili: haichagui dini moja, wala haiendeshi dini yoyote. Maana ya pili husahauliwa upesi kuliko ya kwanza.

Haki za raia ziliingizwa katika Katiba yetu mwaka wa 1984. Ibara ya 19 yatoa uhuru wa dhamiri na wa kuchagua dini, na yaagiza kwamba uendeshaji wa jumuiya za dini uwe nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Ibara ya 20 yakataza kuandikishwa chama cha siasa chenye kusudi la kukuza imani au kundi la dini. Nayo Ibara ya 3 yasema kwamba Jamhuri ya Muungano haina dini.

Sheria hizi zimejaribiwa. Mwezi wa Desemba 1992 Zanzibar ilijiunga na jumuiya ya nchi za Kiislamu, OIC. Mabishano yakawa makali Bungeni, na mwaka wa 1993 ikajitoa. Mwaka wa 1992 pia Serikali ilitia sahihi mapatano na makanisa juu ya shule na hospitali zao, na Waislamu wengi wakauliza kwa nini makanisa peke yake. Katika mwaka wa 2005 Chuo Kikuu cha Waislamu kilifunguliwa Morogoro, katika majengo yaliyotolewa na Serikali. Mahakama za kadhi ziliondolewa bara mara baada ya uhuru, lakini Zanzibar zipo, kwa sheria ya mwaka wa 2017. Ombi la kuzirudisha bara lilifikishwa Bungeni, na muswada ukaondolewa mwaka wa 2015 kabla ya kupigiwa kura. Swali gumu lilikuwa hili: je, kodi ya wote yaweza kulipa mshahara wa hakimu wa dini moja? Mwislamu aliyeuliza kwa nini mirathi yake isiamuliwe na mjuzi wa sheria yake hakuwa adui wa nchi. Wala Mkristo aliyeuliza juu ya fedha hakuwa adui wa Uislamu.

Msidhani basi kwamba Serikali yetu huikimbia dini. Wimbo wa taifa letu ni sala. Rais huapa akiwa ameshika Msahafu au Biblia. Idi, Maulidi, Krismasi na Pasaka ni sikukuu za wote. Marekani, tangu hukumu ya mwaka wa 1962, shule za Serikali haziruhusiwi kuwaongoza watoto katika sala. Kwetu shule za Serikali zina vipindi vya dini, kila kundi na mwalimu wake, na maarifa ya Biblia na elimu ya dini ya Kiislamu hutahiniwa na Baraza la Mitihani la Taifa. Kwetu ukumbi wa nyumba uko wazi kwa dini, maadamu uko wazi kwa zote.

Lakini hapo ndipo penye hatari, maana mlango ulio wazi hutaka mlinzi mwadilifu. Mpangaji akidhani kwamba jirani yake hupewa maji kwanza, ugomvi utaanza uani, hata kama si kweli. Kwa hiyo haitoshi Serikali kusema kwamba haina dini. Yapasa watu waone, katika nafasi za shule, katika kazi, na katika fedha za msaada, kwamba imetenda sawa. Na mwenye shaka aulize bila kuitwa mchochezi.

Ninyi wanafunzi, mtakaposikia mabishano juu ya mambo haya, jiulizeni maswali matatu kabla ya kushika upande. Je, jambo hili lampa mtu haki ambayo jirani yake wa dini nyingine anyimwa? Je, laiweka Serikali ndani ya msikiti au kanisa, ipange mambo yasiyo yake? Na je, mimi ningelikubali kama dini yangu ingekuwa ndiyo yenye watu wachache? Wazee wa Kariakoo hawakuandika maswali hayo mahali popote, lakini mwaka wa 1954 walipomchagua mwalimu wa Pugu awaongoze, walikwisha kuyajibu. Hayo ndiyo tuliyotaka kuwaambia.