Neno lile nililitoa wapi?

Jamani, leo nina deni la kulipa hapa kibarazani kwangu.

Mwezi uliopita niliandika gazetini habari ya mtoto ambaye wakunga hawakuweza kusema mara moja kama ni wa kike au wa kiume. Nikamwita "mwenye jinsia mbili". Asubuhi mama yake akanipigia: "Kaka, mwanangu hana mbili ya kitu chochote. Neno hilo umelitoa wapi?" Nikakosa jibu. Ikabidi nikasome.

Kumbe hata madaktari limewatoa jasho. Mwaka 1876 Edwin Klebs, mtaalamu wa patholojia, aliwagawa watu hawa mafungu. "Huntha wa kweli" ni mwenye tishu za ovari na za korodani kwa pamoja. Mwenye aina moja tu akawa "huntha bandia". Fikiria, mtu mzima na akili zake anaambiwa ni bandia! Mwaka 1917 Richard Goldschmidt, aliyekuwa akichunguza nondo, akaleta neno intaseksi.

Majina ya Klebs yalidumu zaidi ya karne. Oktoba 2005 wataalamu walikutana Chicago, na tamko lao la 2006 likayaweka kando, wakapendekeza "matatizo ya ukuaji wa kijinsia". Wapo waliofurahi. Wengine wakauliza: matatizo ya nani? Ndiyo maana leo baadhi wanasema "tofauti" badala ya "matatizo".

Na sisi? Huntha tumelitoa kwenye Kiarabu. Mafakihi walilijadili karne nyingi kabla ya Klebs, wakiuliza pamoja na mengine: huyu arithi fungu gani? Walau hapo alihesabiwa kuwa mtu mwenye haki. Majirani zetu Kenya, hospitali moja iliandika alama ya kuuliza kwenye sehemu ya jinsia ya mtoto. Kesi ikafika Mahakama Kuu, hukumu ikatoka 2014. Sensa ya 2019 ikawahesabu kwa mara ya kwanza: watu 1,524.

Nilimpigia mama yule nikamsimulia yote haya. Akasikiliza, kisha akauliza swali moja tu: "Sasa mtasahihisha lini?" Mhariri anasema nafasi hakuna.

Basi nasahihisha hapa: yule ni mtoto, aliyezaliwa na maumbile tofauti. Samahani, dada.

Nanyi wasomaji, mngetumia neno gani? Karibuni tujadili.