Charles L. Blockson

Charles LeRoy Blockson (16 Desemba 1933 – Juni 2023) alikuwa mwanahistoria, mtafiti wa nasaba na mkusanyaji wa vitabu kutoka mji wa Norristown, jimbo la Pennsylvania, nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa kitabu chake Black Genealogy (yaani Nasaba ya Watu Weusi) cha mwaka 1977, mojawapo ya miongozo ya kwanza iliyowaeleza Wamarekani Weusi namna ya kutafuta mababu zao hadi nyakati za utumwa. Anakumbukwa pia kwa mkusanyo wa vitabu na hati alioutoa kwa Chuo Kikuu cha Temple mjini Philadelphia mwaka 1984.

Utoto

Blockson alizaliwa na kukulia Norristown, mji mdogo ulio kaskazini-magharibi mwa Philadelphia. Alisimulia mara nyingi kisa kilichompata akiwa bado mtoto wa shule ya msingi. Siku moja alimwuliza mwalimu wake, aliyekuwa Mzungu, kuhusu historia ya watu weusi. Mwalimu akamjibu kwamba watu weusi hawana historia, wamezaliwa kuwatumikia weupe.

Jibu hilo halikulingana na aliyoyasikia nyumbani. Babu yake alimweleza kwamba baba yake, James Blockson, alikuwa mtumwa katika jimbo la Delaware, na kwamba akiwa kijana alitoroka hadi Kanada kwa njia ya "reli ya chini ya ardhi". Mtoto alidhani ni reli ya kweli yenye garimoshi. Baadaye alielewa kwamba lilikuwa jina la mtandao wa siri wa watu waliowaficha na kuwasafirisha watumwa waliokimbilia majimbo ya kaskazini na Kanada kabla ya utumwa kukomeshwa mwaka 1865.

Tangu hapo alianza kukusanya kila maandishi aliyoyaona kuhusu watu wa asili ya Afrika. Alivipata vitabu vyake vya kwanza kwa bei ndogo katika maduka ya mitumba.

Masomo na michezo

Blockson alisoma katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, alikohitimu mwaka 1956. Huko alijulikana kama mwanamichezo wa riadha na wa futiboli ya Kimarekani. Alicheza pamoja na Lenny Moore na Rosey Grier, ambao baadaye walikuwa wachezaji mashuhuri wa kulipwa. Yeye pia alipewa nafasi ya kujiunga na timu ya New York Giants, lakini aliikataa. Baada ya utumishi wa jeshi alirudi Norristown, na kuanzia miaka ya 1970 alifanya kazi katika shule za wilaya hiyo akishughulikia uhusiano mwema kati ya watu wa rangi mbalimbali.

Utafiti wa ukoo wake

Msingi wa utafiti wake ulikuwa maneno ya babu. Uthibitisho aliupata katika kitabu cha William Still kilichotolewa mwaka 1872, The Underground Rail Road. Still (1821–1902) alikuwa Mmarekani Mweusi aliyefanya kazi katika ofisi ya wapinga utumwa mjini Philadelphia. Aliwahoji mamia ya watoro waliopita hapo, akaandika majina yao, mahali walikotoka, mabwana waliowakimbia na jamaa waliowaacha nyuma. Mwaka 1850, katika mahojiano ya namna hiyo, Still aligundua kwamba mtu aliyekaa mbele yake, Peter, alikuwa kaka yake mwenyewe, aliyeachwa utumwani kabla Still hajazaliwa. Tukio hilo lilimfanya aongeze bidii ya kutunza kumbukumbu, ili familia nyingine zilizotawanywa ziweze kutafutana, ingawa kumbukumbu hizo zingeweza kumtia hatarini kama zingekamatwa.

Katika kitabu hicho Blockson alikuta habari za Jacob Blockson, jamaa wa baba wa babu yake, aliyetoroka Delaware katika miaka ya 1850. Hivyo masimulizi ya nyumbani yalikutana na maandishi yaliyotungwa na shahidi wa wakati huohuo.

Black Genealogy

Kitabu cha Black Genealogy, alichokiandika pamoja na Ron Fry, kilitoka mwaka 1977. Mwaka uliotangulia Alex Haley alikuwa ametoa Roots, na mnamo Januari 1977 hadithi hiyo ilionyeshwa katika televisheni na kutazamwa na mamilioni ya watu. Wengi walitaka kufuata mfano huo, lakini hawakujua waanzie wapi. Mwaka huohuo wa 1977 kiliundwa mjini Washington chama cha historia na nasaba cha Wamarekani wa asili ya Afrika.

Ugumu mkubwa wa utafiti huo unatokana na jinsi watumwa walivyohesabiwa. Katika sensa za mwaka 1850 na 1860 waliorodheshwa katika karatasi za pekee chini ya jina la mmiliki, wakitajwa umri, jinsia na rangi, kwa kawaida bila jina. Sensa ya mwaka 1870 ndiyo ya kwanza kuwataja kwa majina waliokuwa watumwa pamoja na raia wengine. Kwa sababu hiyo watafiti huita mwaka huo "ukuta wa 1870".

Ili kuuvuka ukuta huo, watafiti wa nasaba hufuata kwa kawaida hatua zifuatazo:

1. Kuwahoji wazee wa ukoo kwanza, na kukagua Biblia za familia, picha, makaburi na daftari za kanisa.
2. Kurudi nyuma sensa baada ya sensa hadi mwaka 1870, wakiangalia pia majirani, kwa kuwa jamaa mara nyingi waliishi karibu.
3. Kutafuta kumbukumbu za vita vya wenyewe kwa wenyewe (1861–1865), ambapo askari weusi takriban 180,000 walitumikia jeshi la kaskazini. Faili za pensheni zao hutaja wake, watoto na mashahidi.
4. Kupitia hati za ofisi ya serikali iliyowahudumia walioachiwa huru (1865–1872) na daftari za benki yao ya akiba (1865–1874). Baadhi ya kurasa za benki hiyo hutaja wazazi, ndugu na hata bwana wa zamani.
5. Kutambua mmiliki wa mwisho, kisha kusoma wosia, orodha za mali na hati za mauzo za familia yake.

Hatua ya mwisho ni chungu kwa wengi. Kisheria mtumwa alikuwa mali, kwa hiyo jina lake huweza kupatikana katika orodha moja na ng'ombe na vyombo vya nyumba, likiwa na bei pembeni. Hata hivyo mara nyingi hiyo ndiyo karatasi pekee inayomtaja. Mtafiti hujihadhari pia na majina ya ukoo, kwa kuwa si wote waliochukua jina la bwana wao wa mwisho.

Mkusanyo

Mwaka 1984 Blockson alikabidhi mkusanyo wake kwa Chuo Kikuu cha Temple, akabaki kuwa msimamizi wake hadi alipostaafu mwaka 2006. Vitu alivyoleta mwanzoni vilikuwa takriban 20,000. Leo vimezidi 500,000. Miongoni mwake kuna toleo la kwanza la mashairi ya Phillis Wheatley (1773), barua na picha za familia ya William Still, na picha za John W. Mosley zinazoonyesha maisha ya watu weusi wa Philadelphia. Mkusanyo wake mwingine uko katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania.

Huduma kwa jamii

Blockson alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa makumbusho ya Wamarekani Weusi mjini Philadelphia, yaliyofunguliwa mwaka 1976. Aliongoza pia mradi uliosimika mitaani mwa Philadelphia makumi ya vibao vya kumbukumbu, kila kimoja kikieleza mtu au tukio la historia ya watu weusi mahali lilipotokea.

Mnamo Julai 1984 makala yake kuhusu njia za watoro, iliyoanza na ukoo wake mwenyewe, ilitolewa katika gazeti la National Geographic. Baadaye aliongoza kamati ya ushauri iliyosaidia idara ya hifadhi za taifa kuchunguza maeneo ya njia hizo.

Mwaka 2010 aliipa makumbusho ya taifa ya historia ya Wamarekani Weusi vitu 39 vya Harriet Tubman, alivyorithishwa na jamaa wa mwanamke huyo. Kati yake kulikuwa na kitabu cha nyimbo za dini na shali aliyopewa na Malkia Victoria wa Uingereza.

Blockson alifariki akiwa na umri wa miaka 89.

Baadhi ya vitabu vyake

Pennsylvania's Black History (1975)
Black Genealogy (1977)
The Underground Railroad in Pennsylvania (1981)
The Underground Railroad (1987)
Damn Rare (1998), kumbukumbu za maisha yake