Catalina ya Dar es Salaam Isiyomo Sandukuni

Mazimbu, ile sehemu ya Morogoro iliyokuwa shamba la mkonge, kisha ikawa tangu 1978 hadi 1992 makao ya skuli ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini iliyopewa jina la shahidi wao Solomon Mahlangu, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, haina bahari. Maji yake ni ya mto Ngerengere uteremkao kutoka Uluguru. Hata hivyo ni hapa, juu ya meza ya jirani yangu mwalimu wa hesabu, ilipo Catalina ya plastiki ambayo bado haijapakwa rangi, mfano wa ndege ya kijeshi ya doria na uokozi baharini, yenye kutua majini na nchi kavu. Ndege yenyewe ina mita 31.7 kutoka ncha ya bawa hata ncha. Mfano una sentimita 44, kwa kipimo cha 1 kwa 72.

Kipimo hicho, ambacho asili yake ni inchi moja kwa futi sita, kilienea Uingereza katika miaka ya 1930, na mwaka 1936 mifano ya Frog Penguin ikawa ya kwanza kuuzwa katika vipande vya plastiki. Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilipozidi, Jeshi la Wanamaji la Marekani liliwaomba wanafunzi wa skuli, mwaka 1942, wachonge ndege za mbao laki tano kwa kipimo hicho hicho, ili mabaharia na wapiga mizinga wajifunze kumtambua rafiki na adui kwa umbo. Amani iliporejea, kampuni kama Airfix zikaifanya elimu hiyo ya vita kuwa burudani ya sanduku, gundi na rangi.

Catalina iliruka mara ya kwanza 1935, na mwaka 1939 ikaongezewa magurudumu yanayokunjwa ndani ya ubavu, ndiyo aina ya 5A. Sifa yake ya uokozi haikudhihirika zaidi kuliko tarehe 2 Agosti 1945, rubani Adrian Marks alipotua, kinyume cha amri, katika mawimbi makubwa ya Pasifiki miongoni mwa mabaharia wa manowari Indianapolis iliyozamishwa siku tatu kabla; akapakia watu 56, na ndani kulipojaa wengine wakafungwa kwa kamba za miavuli juu ya mabawa, hata meli ilipowafikia usiku.

Bahari yetu nayo ilikuwa na Catalina zake. Kikosi namba 259 cha Jeshi la Anga la Uingereza kiliundwa Kipevu, Mombasa, Februari 1943, na tarehe 20 Agosti ndege yake moja, pamoja na nyingine ya kikosi namba 265, ziliizamisha nyambizi ya Kijerumani U-197 kusini ya Bukini. Mwezi uliofuata kikosi kikahamia Dar es Salaam, kikakaa hata kilipovunjwa Aprili 1945.

Lakini ndege za kikosi hicho zilikuwa za maji matupu, zisizo na magurudumu yake. Ndege ya namna hiyo hufungiwa magurudumu ya muda ingali inaelea, ndipo ivutwe ufukoni. Kwa hiyo mwenye sanduku la 5A atakaye Catalina ya Dar es Salaam hana budi kuyatupa magurudumu, kuziba matundu ya ubavuni kwa bodifila, ile ya mafundi wa magari, kisha kupiga tupa na msasa mpaka mkono usihisi kiungo. Watengenezaji hawakukosea, waliunda ndege waliyoijua. Sura ya kwetu inangoja mikono ya kwetu.

Mwalimu amekwisha ziba upande mmoja. Akimaliza wa pili, wanafunzi watakaouliza magurudumu yako wapi watajibiwa kwa habari za Kipevu, za Dar es Salaam na za vita vilivyofika Bahari ya Hindi, somo ambalo, lau ndege ingebaki kama ilivyotoka sandukuni, wasingepata sababu ya kuliuliza.